Mavuno Yakiwa Shambani

Huenda msomaji aliyezoea kukuta katika vitabu vya namna hii makala juu ya ngoma zetu, ususi wa mikeka, jando na unyago, atashangaa kuona mimi, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, nikichukua kurasa hizi kuzungumzia wimbo wa Kimarekani unaohusu mke aliyemwacha mumewe. Naomba anistahimilie. Rais Julius Nyerere alipounda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana mwaka 1962, alisikitika kwamba wengi wetu tulifundishwa shuleni kuimba nyimbo za Waingereza na kucheza dansi zao, huku ngoma zetu wenyewe tukizionea haya. Maneno hayo yamekaririwa mara nyingi majukwaani. Lakini katika hotuba hiyo hiyo alieleza pia kwamba taifa lisilotaka kujifunza chochote kutoka kwa mataifa mengine halina akili timamu, na sehemu hiyo haikaririwi sana. Mimi nimejifunza jambo kutokana na wimbo wa wageni. Nimejifunza kwa kuchelewa, tena kwa fedheha, na jambo lenyewe linahusu nyumba zetu, si za wageni.

Wimbo huo unaitwa "Lucille". Uliandikwa na Roger Bowling na Hal Bynum, ukaimbwa na Kenny Rogers, mzaliwa wa Houston katika jimbo la Texas, ukatolewa mwanzoni mwa mwaka 1977. Haikuchukua muda ukashika nafasi ya kwanza miongoni mwa nyimbo za kantri nchini Marekani, ukafika nafasi ya 5 katika orodha ya nyimbo za kila aina, na katikati ya mwaka huo ukaongoza nchini Uingereza. Kwa wale ambao neno kantri ni geni kwao, niseme tu kwamba huo ni muziki uliotoka mashambani kusini mwa Marekani, ukaanza kurekodiwa kwa wingi katika miaka ya 1920. Ala zake ni gitaa, fidla na banjo. Hiyo banjo, ingawa aghalabu tunaiona mikononi mwa watu weupe, chanzo chake ni Afrika. Ilivuka bahari pamoja na watumwa. Basi hata wanaosema kwamba muziki ule hautuhusu wangefaa kusita kidogo.

Mwaka 1977 nilikuwa mwalimu kijana katika kijiji kimoja karibu na Babati, sehemu ambayo siku zile ilikuwa katika Mkoa wa Arusha na ambayo leo ndipo yalipo makao makuu ya Mkoa wa Manyara. Mwezi wa Februari mwaka huo mpaka wetu na Kenya ulifungwa, nao haukufunguliwa hadi mwishoni mwa mwaka 1983. Malori yalikoma kupita Namanga, na vitu vingi tulivyovizoea vikaadimika. Lakini mawimbi ya redio hayapiti forodhani. Usiku, hewa ilipotulia, redio yangu ya betri ilinasa Sauti ya Kenya kutoka Nairobi, na katika idhaa ya Kiingereza nilizisikia nyimbo za Jim Reeves, Skeeter Davis, Dolly Parton na wenzao, wakilia kwa sauti tamu juu ya mambo machungu.

Mapenzi ya jirani zetu kwa muziki huo hayakuanza wakati huo. Mwaka 1950 Hugh Tracey, mkusanyaji mashuhuri wa nyimbo za Afrika, alirekodi miongoni mwa Wakipsigis wa Bonde la Ufa wimbo wa wasichana juu ya kiumbe aliyekuwa nusu mtu na nusu mnyama wa porini, aitwaye Chemirocha. Jina hilo lilikuwa la Jimmie Rodgers, mwimbaji wa kantri aliyefariki mwaka 1933, ambaye sauti yake ilifika kwao kwa santuri. Hawakujua sura yake wala lugha yake. Walilichukua jina wakalikata kwa kipimo cha ndimi zao, kisha wakampa mwenye jina pembe na kwato. Sijui mfano mwingine wa kupokea ugeni unaonifurahisha kama huo.

Narudi kwenye "Lucille". Kisa chenyewe ni hiki. Katika baa moja mjini Toledo, jimbo la Ohio, ng'ambo ya kituo cha reli, mwanamke ameketi peke yake na anavua pete ya ndoa. Msimulizi, ambaye ni mwanamume wa kupita tu, anasogea karibu naye. Wanakunywa. Pombe inapomlegeza ulimi, mwanamke anaeleza kwa maneno machache kwamba amechoka na maisha aliyonayo, na sasa anatafuta furaha popote itakapopatikana. Hapo msimulizi anaona kwenye kioo mwanamume akiingia. Ni pande la mtu, na mikono yake imekomaa kwa kazi. Msimulizi anadhani siku yake imefika. Kumbe mtu yule hakuja kupigana. Anatetemeka. Anamgeukia mkewe na kumlalamikia kwamba amemtupa wakati mbaya kuliko zote, wakati watoto wanne wana njaa na mazao yangali shambani. Akiisha kusema hivyo, huenda zake. Msimulizi na mwanamke wanaelekea hotelini kimya kimya, na huko, ingawa mwanamke ni mzuri wa kutamanika, mwanamume anashindwa kumkumbatia. Maneno ya yule mume yanamrudia na kumrudia.

Yote hayo yamo katika wimbo usiotimia dakika nne. Kama mwalimu wa lugha nilistaajabia ufundi wake. Mume hapewi hata tusi moja. Hampigi mtu wala hapindui meza. Mtunzi amempa watoto wanne na shamba lililoiva, basi, na kwa mizigo hiyo miwili anamshinda mkewe, anamshinda mwanamume aliyeketi na mkewe, anatushinda na sisi wasikilizaji. Niliyaandika maneno yake katika daftari la maandalio ya masomo, nikayafasiri kwa Kiswahili, nikawasomea walimu wenzangu ofisini wakati wa mapumziko. Mmoja wao, mtu mzima mwenye mashamba, alitikisa kichwa akasema mwanamke wa namna ile hana utu. Sote tuliitikia. Sisi wote tuliokuwa ofisini siku ile tulikuwa wanaume.

Nisimwonee mtunzi. Nyimbo za ndoa kuvunjika hazikuzuka Marekani kwa kuwa watunzi walikosa la kuimba. Mwaka 1960 talaka nchini humo zilikuwa 2.2 kwa kila watu 1,000; mwaka 1980 zilikuwa 5.2. Jimbo la California lilipitisha mwaka 1969 sheria iliyomruhusu mtu kuomba talaka bila kuthibitisha kosa la mwenzake, ikaanza kutumika Januari 1970, na majimbo mengine yakafuata. Aliyeitia saini alikuwa Gavana Ronald Reagan, ambaye yeye mwenyewe alikwisha kupata kuachana na mke wake wa kwanza. Waimbaji nao waliyaimba yaliyokuwa nyumbani mwao. A.P. Carter na mkewe Sara, waliokuwa miongoni mwa wa kwanza kabisa kurekodi muziki huo mwaka 1927, walitengana, lakini waliendelea kwa miaka kadhaa kusimama mbele ya kinasa sauti kimoja wakiimba pamoja. Tammy Wynette, ambaye mwaka 1968 alitoa wimbo wa kuwahimiza wanawake wawavumilie waume zao na, mwaka huo huo, mwingine wa mama anayeitamka talaka herufi moja moja ili mtoto asielewe, aliolewa mara tano. Alitalikiana na mwimbaji George Jones mwaka 1975. Mwaka uliofuata wakatoa kwa pamoja "Golden Ring", wimbo unaofuata safari ya pete kutoka dukani kwa mweka rehani mjini Chicago hadi kanisani, na kutoka kidoleni hadi dukani tena. Kenny Rogers mwenyewe alioa mara tano. Na mama yake mzazi, aliyezaa watoto wanane, jina lake lilikuwa Lucille, ingawa wimbo haukumhusu yeye.

Kwetu, katika mila niliyokulia, hali ilikuwa tofauti, na hapa ndipo moyo wa makala haya ulipo. Kwetu mwenye kuiimba ndoa mbovu alikuwa mke mwenyewe. Hakuimba jukwaani, aliimba kinuni. Namkumbuka marehemu mama yangu alfajiri, yeye na mke wa baba mdogo, wakipokezana michi miwili katika kinu kimoja. Wimbo ulianza kwa mambo ya ndege au ya mvua, mambo yasiyo na mwenyewe. Kisha taratibu ndege yule akawa hapeleki chakula kiotani. Akaonekana usiku kwenye mti wa jirani. Akarudi asubuhi akidai kifaranga kimsalimie. Baba alikuwa kibarazani akiota jua. Hakutajwa jina, kwa hiyo hakuweza kugomba. Alikohoa tu. Na mimi, mtoto mdogo, nilijua tayari kwamba kikohozi kile hakikuwa cha kifua.

Katika kikao cha ukoo mama hakuwa na ruhusa ya kusema hata nusu ya maneno yale. Kinu kilimpa ruhusa hiyo. Mwendo wa mchi ulimficha, na kila aliyepita njiani alisikia. Mashine ya kusaga ilipofika kijijini mwanzoni mwa miaka ya 1970 tuliishangilia, na ilistahili kushangiliwa, maana mabega ya mama zetu yalipumzika. Lakini tangu siku ile sikumsikia tena mama akiimba asubuhi. Alikaa kwenye foleni ya mashine na debe lake, na ngurumo ya injini haimwachii mtu nafasi ya fumbo.

Mdogo wangu wa kike aliolewa katika kizazi hicho cha mashine. Hakuwa na kinu.

Jioni moja ya Julai 1980 alifika nyumbani kwangu kwa miguu, mtoto mmoja mgongoni na mwingine akimshika upindo wa khanga. Wawili wakubwa alikuwa amewaacha kwa baba yao. Nilimkaribisha, mke wangu akamwekea maji ya kuoga, na kabla hajamaliza kula nilikwisha kumwuliza kama mahindi yao yamevunwa. Akasema bado, yamekauka kwenye mabua. Naungama mbele ya msomaji kwamba hapo hapo nilisikia kichwani gitaa la Kenny Rogers.

Baba yetu alikuwa amefariki mwaka 1974, hivyo mimi, kifungua mimba, ndiye niliyepaswa kukaa mahali pake. Siku ya tatu shemeji alikuja pamoja na wazee watatu. Upande wetu tulikuwa mimi, baba mdogo na mjomba. Shemeji hakupaza sauti hata kidogo. Alikuwa mtu mkubwa wa umbo, viganja vyake vimepasuka kwa mpini wa jembe, na alipoanza kueleza, mikono hiyo ilitetemeka. Alisema nguruwe mwitu wanaingia shambani kila usiku, na watoto wawili waliobaki wanalala na uji mwepesi. Alisema kama mwenzake alikuwa na malalamiko, angengoja basi gunia la mwisho liingie ghalani. Wazee walinyamaza kwa huruma. Nilimtazama nikaona wimbo umevaa viatu umeingia sebuleni kwangu.

Nilimgeukia mdogo wangu na kumwuliza mbele ya wote kwa nini, katika miezi yote ya Mungu, alichagua mwezi wa mavuno. Aliinamisha kichwa kama ilivyompasa, hakujibu. Nikaongeza nasaha. Nilimtajia hata Mwana Kupona wa Pate, aliyemtungia binti yake mwaka 1858 utendi wa kumfunza adabu ya unyumba. Nilipomwita kando baadaye, nyuma ya jiko, ndipo aliponijibu, na majibu yake yalikuwa mafupi. Kwanza aliniuliza kama huyo Mwana Kupona alikuwa na shamba.

Kisha akasema, "Kaka, wewe umesoma, nisaidie. Niondoke mwezi gani? Desemba tunatayarisha shamba. Februari tunapanda. Machi na Aprili tunapalilia. Julai tunavuna. Agosti tunapukuchua, Septemba tunabeba. Iliyobaki ni ya kuni na ya kukandika nyumba. Nionyeshe mwezi ambao mke wa mkulima akiondoka hataambiwa ameacha kazi."

Sikuweza kumwonyesha. Akaendelea kunieleza kwamba kwa miaka mitatu mfululizo alikuwa amevuna kwa mikono yake, na kwa miaka mitatu mahindi, ambayo kwa taratibu za siku zile yalipaswa kuuzwa kwa Shirika la Taifa la Usagishaji, yaliondoka usiku kwa walanguzi, na fedha zikaishia kilabuni na kwa mwanamke mwingine. Mara mbili alipouliza alipigwa. Mwaka huu, alisema, hakutaka kuyavuna tena ili ayaone yakiondoka. Aliyaacha shambani kwa kuwa shambani ndipo mahali pekee ambapo yalikuwa bado ni yake.

Ningependa kuandika kwamba maneno hayo yalinibadilisha papo hapo. La. Niliyasikia na nikayaelewa, kisha nikarudi sebuleni nikashirikiana na wazee kumrudisha kwa mumewe. Shemeji alionywa juu ya pombe, akaahidi, na kesho yake alfajiri mdogo wangu alirudi njia ile ile aliyokuja nayo.

Kuna jambo sijalitaja, nami nimelizungukazunguka tangu ukurasa wa kwanza. Mahari ya mdogo wangu ilikuwa ng'ombe sita. Wanne kati yao niliwatoa mimi kumwolea mke wangu. Kama ndoa yake ingevunjika siku ile, wazee wa upande wa pili wangedai ng'ombe wao, nami sikuwa na hata ndama. Hakuna aliyelisema hilo kikaoni. Mjomba alilijua, baba mdogo alilijua, na bila shaka mdogo wangu alilijua kuliko sisi sote, maana nyumba niliyomkaribisha ilijengwa juu ya migongo ya ng'ombe wake. Mimi nilijiambia kwamba natetea mavuno na watoto wanne. Nilijificha nyuma ya gitaa la mtu wa Texas, na maficho yale yalinitosha kabisa, kwa sababu wimbo ule umetungwa vizuri.

Alikaa mwaka mmoja na miezi minane. Aliondoka mara ya pili Machi 1982, katikati ya palizi, safari hii na watoto wote wanne, na hakuja kwangu kwanza. Alikwenda moja kwa moja kwenye Baraza la Usuluhishi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka mgogoro wa wanandoa upelekwe huko kabla mtu hajaomba talaka mahakamani, na talaka yenyewe hutolewa pale tu inapothibitika kwamba ndoa imevunjika na haiwezi kurekebishwa. Sheria hiyo ilizikusanya chini ya paa moja ndoa za Kikristo, za Kiislamu, za kimila na za kiserikali, ikamkataza pia mume na mke kupigana. Ni kazi kubwa iliyofanywa na taifa changa, nasi hatuizungumzii vya kutosha tunapozungumzia utamaduni, kana kwamba utamaduni ni ngoma na vinyago peke yake. Baraza liliposhindwa kuwapatanisha, shauri lilikwenda katika mahakama ya mwanzo. Nilitoa ushahidi. Nilieleza safari hii yale niliyoambiwa nyuma ya jiko.

Talaka ilitolewa. Kuhusu mali, hakimu alisema nyumba ya bati ilijengwa na mume, na kwamba kupika, kulea na kulima ni wajibu wa kila mke, si mchango. Mdogo wangu alitoka na nguo zake, masufuria mawili na jembe. Hakukata rufaa. Nauli ya kwenda mbele ilikuwa haipo, na hata kama ingekuwapo alikuwa na watoto wanne wa kulisha. Mwaka uliofuata, 1983, Mahakama ya Rufani ya Tanzania iliamua katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu kwamba kazi za nyumbani za mke zinahesabika kuwa mchango katika mali iliyopatikana wakati wa ndoa. Wanasheria wanaitaja hukumu hiyo hadi leo. Niliposoma habari zake nilipiga hesabu ya miezi kwa vidole, kama mdogo wangu alivyonipigia nyuma ya jiko.

Ng'ombe niliwalipa. Wazee wa pande mbili walikubaliana warudi watatu, kwa kuwa alikwisha kuzaa, na niliwatoa mmoja mmoja hadi mwaka 1986. Sijawahi kulipa deni lingine kwa moyo mwepesi kama ule.

Mdogo wangu alipewa na kijiji ekari mbili upande wa mtoni, akazilima peke yake, akawasomesha watoto wake kwa kiasi alichoweza. Wawili walifika sekondari. Nyumba yake na yangu zinatazamana hadi leo, katikati kuna mwembe. Juu ya kikao cha mwaka 1980 hatujawahi kuzungumza.

Kenny Rogers alifariki tarehe 20 Machi 2020, akiwa na umri wa miaka 81. Siku zile redio nyingi zilikumbuka nyimbo zake. Julai iliyofuata tulikuwa chini ya mwembe tukipukuchua mahindi, yake na yangu, na mjukuu wangu alikuwa amekaa juu ya gunia na simu yake ikiimba. Ukaja wimbo ule. Sikumwambia auzime, wala sikumwambia auache. Mdogo wangu alisikiliza kidogo akauliza, "Huyu Mzungu anamwita nani hivyo?"

Miaka yote ile nilikuwa nimewafasiria walimu, wageni na wanafunzi. Yeye sikupata kumfasiria. Nikamweleza: baa, pete, kioo, mume mkubwa anayetetemeka, watoto wanne, mazao yaliyobaki shambani, na chumba cha hoteli. Sikupunguza neno. Mikono yake haikusimama. Punje zilidondoka ndani ya debe kwa mwendo ule ule. Nilipomaliza alitupa gunzi kando, akachukua hindi jingine.

"Watoto walikuwa wanne?"

"Wanne."

"Na huyo baba yao alipokwenda kumtafuta mama yao baa, hao watoto alimwachia nani?"

Nilifungua kinywa nikakifunga. Nilikuwa nimeusikiliza wimbo ule kwa zaidi ya miaka arobaini.

"Na huyu anayesimulia," akasema, "ndiye aliyemsogelea mke wa mtu, akanywa naye, akampeleka chumbani, halafu huko ndiko akamwonea huruma mwanamume mwenzake?"

"Ndiye."

Mjukuu alicheka. Yeye hakucheka. "Na mwanamke alisema nini huko chumbani?"

"Wimbo hausemi."

Alipukuchua hindi lile hadi mwisho. Kisha akafuta mikono kwenye khanga, akamgeukia mjukuu.

"Hebu kirudishe mwanzo hicho kitu," alimwambia. "Kaka yangu atanyamaza. Nataka kumsikia huyo mama pale anaposema."

Kijana alirudisha mwanzo. Nilisogeza debe, nikanyamaza.